Ukuta wa Chaki

Mjukuu wangu wa kike alikuwa na miaka sita na hakusema neno. Asubuhi nyingine alilia na kujipiga mguu kwa ngumi mpaka tumshike. Majirani hapa mtaani Buyenzi walisema ana jini, na mke wangu alishapanga kumpeleka kwa mganga ng'ambo ya mji, ingawa vita vilikuwa vinaendelea na njia zilikuwa na risasi.

Mwanasaikolojia wa watoto aliyekuwa akitafiti usonji alikuja na daftari lake kwenye gereji yangu ya magari. Akamtazama mtoto siku tatu, akasema, "Mzee, hii ni tabia ya usonji. Muzoee tu."

"Apana, Madamu. Mi nilisoma miaka miwili tu, lakini gari likileta mlio wa kugonga ndani ya injini, sikimbilii kuifungua. Nauliza kwanza: linagonga likiwa baridi ama likiwa moto?"

Nikamwonyesha ukuta wa gereji. Kila mara mtoto alipojipiga nilichora mstari wa chaki, na kama mvua ilikuwa imenyesha, duara pembeni. Karibu kila mstari ulikuwa na duara lake.

Alinakili ukuta mzima kwenye daftari. Kisha akasema, "Baridi ya mvua ndiyo inamuumiza. Tumupime damu."

Ikawa selimundu, ugonjwa wa damu ambao baridi huuchochea, mifupa ikauma. Usonji alikuwa nao pia, sikatai. Ila zile ngumi zilikuwa zinatuambia mguu unauma, na kwa mganga hatukwenda.

Mvua iliyofuata tulimvalisha soksi za sufu, tukampa dawa mapema. Akanywa uji wake, mikono yote miwili ikiwa imeshika kikombe.