Barua Nilizomsomea Profesa Idris

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, hapa hapa Doha, mzee mmoja asiyeona alinigeuzia uso akaniuliza, "Wakesho, ndivyo ilivyoandikwa?" Nikamjibu, "Ndivyo, Profesa." Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Leo nimepita hamsini, mwanangu, mvi zimenijaa kichwani, na maneno yale mawili bado yananichoma.

Nisingeyasema haya kama si Ijumaa iliyopita. Tulikuwa tumetoka ibadani pale Mesaimeer, nikamsikia binti mmoja akiwachekesha wenzake. Anamhudumia ajuza asiyejua kusoma, na akimsomea jumbe za wanawe huruka zile ndefu. Wenzake walicheka. Mimi nilitazama chini, kwa sababu nilijiona ndani yake.

Nilitoka Wundanyi, milima ya Taita, nikiwa na cheti cha kuhudumia wagonjwa na Kiingereza nilichofundishwa vizuri. Niliajiriwa na daktari Msudani aitwaye Samia, aliyeishi Al Rayyan, nimtunze baba yake. Baba huyo ndiye Profesa Idris. Alikuwa amefundisha elimu ya mimea kwao Sudan kwa miaka arobaini, kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru. Kazi yangu ilikuwa kumpa dawa, kumshika mkono akitembea uani, na zaidi ya yote kumsomea.

Alikuwa na rundo la kurasa zilizotolewa fotokopi, barua za Waingereza wawili walioishi miaka mia moja na hamsini iliyopita. Mmoja alikuwa kasisi wa kijijini aliyependa mimea kuliko chakula. Mwingine alikuwa rafiki yake aliyezunguka dunia kwa meli akikusanya mbegu. Waliandikiana tangu ujana mpaka uzee. Mimi nilisoma kwa Kiingereza, sentensi mbili tatu, nikanyamaza. Profesa akabonyeza kinasa sauti chake na kuyasema yaleyale kwa Kiarabu. Alitaka wanafunzi wa kwao wazipate barua zile katika lugha yao. Wazee wale walipobishana kuhusu jani moja kurasa tatu nzima, yeye alicheka hadi akajifuta machozi. Nami, nakiri, nilianza kuipenda kazi ile.

Kasisi alikuwa na mmea mmoja uliomsumbua. Kilimani uliota na majani yenye manyoya, na chini kando ya mto uliota na majani laini. Alipanda mbegu zake miaka mingi, akahesabu, akamwandikia rafiki yake. Mwishowe akaanza kusema kwamba mimea ile miwili ilikuwa na mzazi mmoja zamani, na kwamba huenda viumbe vyote hubadilika polepole, kizazi hadi kizazi.

Nyumbani nilikuwa nimesikia mhubiri akisema kwamba mawazo ya namna hiyo ni ya kumkana Mungu. Nikawaza, mimi ndiye nitakayeutia ulimi wangu katika jambo hili? Basi siku ile niliruka aya moja. Profesa hakujua. Kesho yake niliruka ukurasa. Uongo ni kama mgeni asiye na adabu, ukimpa kiti ataomba kitanda. Wiki hazikupita nyingi, nikaanza kutia na maneno yangu. Nilimfanya kasisi yule aseme kwamba amewaza sana, ameona amekosea, na anayafuta yote aliyoyasema kuhusu mimea.

Profesa alizima kinasa sauti. "Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena, yaani nikatunga tena, maana karatasini hapakuwa na kitu. Sikuyakumbuka vizuri maneno yangu ya kwanza. Ndipo aliponiuliza lile swali, nami nikamjibu lile jibu.

Alifurahi mno, mwanangu. Alimpigia Samia simu kazini kumweleza kwamba amegundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuliona, kwamba kasisi aliyatangua mawazo yake. Akasema atalizungumzia mbele ya walimu wenzake waliokuwa wakikutana mjini kila baada ya miezi michache. Nilikuwa na wiki tano za kufungua kinywa. Sikufungua.

Siku zile makanisa ya Mesaimeer yalikuwa hayajajengwa. Ijumaa tulisali sebuleni kwa Mama Naomi, Mganda aliyepika katika hoteli moja. Siku moja nilibaki nyuma nikimsaidia kumenya ndizi, nikamsimulia nilivyoitetea imani. Nilitarajia anipongeze. Aliendelea kumenya, kisha akaniuliza, "Huyo mzee alikuomba umhubirie?"

"Hapana, Mama."

"Alikuomba nini?"

"Nimsomee."

"Basi umemwibia. Mungu ninayemjua mimi hana haja ya kutetewa kwa uongo. Nenda ukamwambie kabla hajasimama mbele za watu."

Nilimkasirikia. Nilijiambia huyu ni mpishi, anajua nini kuhusu vitabu? Tazama kiburi hicho. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakusema mjumbe ageuze ujumbe. Ukweli niliusikia jikoni kwa mama aliyenipenda, nikaupuuza kwa sababu haukufanana na sifa niliyoitaka.

Siku ya mkutano Profesa alivaa jalabia nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe. Ilikuwa alasiri. Nilimwongoza mpaka mbele, nikaketi kiti cha nyuma yake. Alizungumza kwa Kiingereza, bila karatasi, na watu walimsikiliza kwa heshima. Alipomaliza, mwalimu mmoja wa kike, kijana, alisimama. Alikuwa na kitabu chenye barua zilezile. Akaomba radhi kwanza, kisha akauliza ni barua ipi. Profesa akamtajia. Yule binti akaisoma yote, taratibu, kwa sauti nzuri.

Hapakuwa na mahali kasisi alipoyatangua mawazo yake. Tena palikuwa na jambo ambalo hata mimi sikulijua. Chini ya ukurasa, kasisi alimweleza rafiki yake kwamba jioni ileile alipiga magoti kama kawaida yake na kumshukuru Mungu kuliko siku zote. Mimi sikuwahi kufika chini. Niliufunga ukurasa kwenye neno la kwanza lililonitisha.

Profesa aliinamisha kichwa, halafu akasema, "Macho yangu yamekufa, na masikio nayo yanazeeka. Kosa ni langu. Naomba mnisamehe." Wachache walicheka kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanavyomchekea mzee aliyesahau. Mtu aliyesahihisha madaftari ya wengine miaka arobaini akapigiwa makofi ya huruma. Nami nilikuwa hatua mbili nyuma yake, mzima wa afya, nina macho na ulimi, na sikusema neno.

Samia alikuja kutuchukua kwa gari. Tulipofika nyumbani Profesa aliomba maji, akatawadha, akasali magharibi. Nilisimama mlangoni nikimtazama akisujudu. Kila siku nilikuwa nikimwekea maji hayo na kumtandikia mswala huo, mwanangu, na bado nilijiona mimi ndiye mlinzi wa Mungu ndani ya nyumba ile. Alipotoa salamu nilipiga magoti nikamwambia yote.

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Alisema, "Uliposoma mara ya pili, maneno yalikuwa tofauti kidogo. Nililisikia hilo. Ilinibidi nichague, niyatilie shaka masikio yangu au nikutilie shaka wewe. Nikachagua masikio." Kisha akaongeza, "Ungeniambia hutaki kusoma ukurasa ule, ningemwomba Samia. Nisingekuchukia, binti yangu."

Samia alitaka nirudishwe kwetu wiki ileile, na haki alikuwa nayo. Baba yake alikataa. Alisema nimalize kazi niliyoiharibu. Tukafuta kanda za miezi minne, maana hakujua tena ipi safi na ipi chafu, hata mimi sikuweza kuzikumbuka zote. Tukaanza barua ya kwanza. Nilisoma kila neno, yaliyonipendeza na yaliyonitisha. Mwisho wa kila barua aliniuliza kama ndivyo ilivyoandikwa, nami nikajibu, naye alikaa kidogo kabla ya kubonyeza kinasa sauti. Ule ukimya mfupi ulikuwa adhabu yangu. Nyingine ilikuwa chupa za dawa. Zamani nilimsomea majina akanywa. Sasa alinisikiliza, akashukuru, akaiweka chupa mezani, akamngoja Samia arudi kutoka kazini amsomee tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka uliofuata Profesa Idris alifariki. Barua tisa zilikuwa zimebaki. Wanafunzi wake walizichapa zile zilizokamilika, na Samia aliniletea nakala, tukaketi pamoja tukalia. Siwezi kusoma Kiarabu, lakini nakijua kitabu kinapoishia, na najua kwa nini kinaishia hapo. Miezi minne niliyompotezea ingezitosha barua tisa, na siku zingebaki.

Usiniulize leo naamini nini kuhusu majani yale ya manyoya na yale laini. Bado naenda kusali, na bado nashangaa nikiona mmea. Nilichokuitia ni hiki. Mtu akikukabidhi maneno yake, yafikishe kama ulivyoyapokea, hata usipoyapenda, kwa maana aliyeazima macho yako hana njia ya kukukagua ila kukuamini. Dhamiri yako ikikataa kazi fulani, useme kwa kinywa chako kwamba huwezi. Hakuna aibu katika hilo. Imani inayohitaji uongo ili isimame si imani, ni wewe unaogopa, usimsingizie Mungu. Na ukikanywa mapema, awe amekukanya mpishi au mfagiaji, amka uende siku ileile, kwa sababu kosa linaloungamwa mapema huumiza mtu mmoja, ila likicheleweshwa huwaumiza na wasiohusika.

Nawe binti uliyewachekesha wenzako, popote maneno haya yatakapokufikia, sikutaji jina. Rudi kwa ajuza wako, umsomee zile jumbe ndefu alizozikosa, moja baada ya nyingine, na umwambie kwa nini unazisoma sasa.

Mungu awape nyote ulimi ulionyooka na moyo usiojiona. Awape wa kuwakanya kabla ya kuchelewa, na masikio ya kuwasikia. Kazi za mikono yenu ziwe na baraka, muwe nuru kwa wasioona, na mzee anayewategemea afe akijua hakukosea kuwaamini.