Ufunguo wa Duka Langu la Mtandaoni

Admin, ficha jina langu na la ukoo pia, maana huku Mitundu tunajuana hadi kwa kikohozi. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu. Nauza asali.

Duka langu la mtandaoni alinitengenezea shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayeishi Singida mjini. Wateja wanaagiza humo, na meseji zao zinaingia humo humo. Kila mwezi namlipa. Juzi fundi kompyuta wa Itigi akaniambia ile programu inayoendesha duka ni ya bure, mtu yeyote anaichukua. Roho iliniuma. Nikasema kumbe shemeji ananipiga mchana kweupe! Fundi akanituliza: programu ni bure kweli, ila ninacholipia ni seva, yaani mahali duka linapokaa, na mtu wa kulilinda. Hiyo ni kazi halali. Halafu akaongeza kwamba huyo mlinzi anaona kila kilichomo.

Hapo nikaanza kuunganisha mambo. Mume wangu hajawahi kushika simu yangu, lakini siku moja tukiwa tunakula aliniuliza, "Yule wa Arusha anayekuita dada mrembo, ameshapata asali yake?" Nilidhani nilimsimulia mwenyewe. Wapi! Sikuwahi. Yule ni mteja, na maneno hayo yamo kwenye meseji za dukani tu.

Nikampigia shemeji. Akachekacheka, akasingizia mtandao. Nikambana. Akasema, "Shemeji, kaka ndiye aliyenisomesha. Aliponiomba ufunguo wa kuingia kwenye duka lako ningemnyimaje?"

Yaani namlipa mlinzi, na mlinzi anawafungulia watu mlango. Na Mungu ananiona, sijawahi kuwa na mwanaume mwingine. Mume wangu sijamwambia kwamba najua. Tunakula, tunasalimiana, na kila swali lake nalipima kwanza kabla sijajibu.

Fundi anasema kwa kuwa programu ni ya bure, anaweza kulihamishia duka zima kwenye seva yake, pamoja na wateja wote. Naye simwamini. Nitajuaje hataki tu nimlipe yeye, halafu asome yeye?

Nikihama, mume wangu atakuta kumefungwa, ataniuliza ninaficha nini, na sina cha kumwonyesha akaamini. Nikibaki, nimekubali kwamba mimi ni mke wa kuchungwa. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mlio kwenye ndoa, mngekuwa mimi mngefanyaje?