Ramani ya Ndege na Mafuta ya Papa

Sikudhani, fundi cherehani wa Kibiti, huunda ndege za kuchezea kwa mbao nyepesi za msufi, akizigundisha juu ya ramani, yaani karatasi yenye mchoro wa ndege. Ramani huifunika nailoni kwanza, isishikwe na gundi. Shemeji yake Nurdini, mchonga mitumbwi wa Kiongoroni, aliazima ramani moja, akaitoa nailoni kwa ubishi, akairudisha imechanikachanika. Hata pole hakuitamka, mtu mzima na ndevu zake!

"Si karatasi tu, shemeji?"

Sikudhani akaikunja ramani iliyochanika, akaiweka.

Idi ilipokaribia, Nurdini akaja kuazima nyingine, aundie ndege ya kushindanisha uwanjani.

"Nifanyeje gundi isishike karatasi, bila hiyo nailoni yako?"

"Mtumbwi unaupaka nini usinywe maji?"

"Mafuta ya papa."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nurdini akaipaka ramani ikalowa chepechepe. Mbao zikayanywa mafuta, gundi ikashika kidogo tu.

Siku ya Idi akaiinua ndege yake mbele ya watu. Kiwiliwili kikapanda, mabawa yakabaki mezani yakinuka papa. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Sikudhani akamsogelea, sauti laini kama asali.

"Si mbao tu, shemeji?"