Nyanjige Hakimbii Tena

Polisi walipoingia uani kwa Nyanjige, kijijini Nkoma, walimkuta amechuchumaa mbele ya moto. Pipa lilikuwa linachemka na gongo inadondoka tone kwa tone kwenye dumu la njano. Mmoja wao akauliza mtambo huu ni wa nani. Akasema ni wangu. Hakukimbia, ingawa shamba la mahindi lilianza hatua chache tu nyuma ya jiko.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, mjane. Alianza kupika mwaka aliokufa mumewe, pamba nayo ikaliwa na wadudu, na kwa miaka tisa watu wa vijiji vitatu walikunywa alichopika. Mwanzoni hakuwa mnywaji. Lakini mpishi wa gongo lazima aonje, ajue ni kali au imechuja, na kuonja kwake kukawa kikombe, kikombe kikawa viwili. Mwishowe asubuhi asingeweza kushika hata sufuria mpaka apate nusu glasi kwanza, kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Binti yake wa pekee, Goodness, fundi cherehani mjini Bariadi, alijua mama yake anakunywa. Hakujua kwamba hawezi kuacha.

Mahakamani Nyanjige alikiri kosa. Kabla ya hukumu, hakimu alimtuma afisa probesheni aende Nkoma akaangalie mshitakiwa anaishi vipi. Afisa huyo aliitwa Harieth, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Kagera, na Kisukuma chake kilikuwa kinaishia kwenye salamu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Karibu kiti."

Harieth akakaa, akafungua daftari. "Mama Goodness, kwa siku unakunywa kiasi gani?"

"Mimi naonja tu. Ni kazi."

"Mtambo polisi wameuchukua wiki tatu sasa. Unaonja nini?"

Nyanjige alikuwa ameibana mikono yake katikati ya magoti. Harieth aliitazama kidogo, akaandika, akauliza habari za shamba.

Hakumpeleka gerezani, hakimu. Alimpa miezi kumi na miwili ya uangalizi, ambayo Nkoma wote wanaiita kifungo cha nje. Asipike, asinywe, atibiwe ulevi, na kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, aripoti kwa Harieth huko Bariadi. Akikiuka atarudishwa mbele ya hakimu, na hapo jela inawezekana.

Nje ya mahakama Harieth alimwambia Jumatatu waonane hospitali ya Somanda, Bariadi, kuna kliniki ya watu wa pombe, na akasema jambo jingine kuhusu kutoacha kwa pupa kabla ya kupimwa. Nyanjige alikuwa bado anasikia neno moja tu la hakimu: asinywe. Aliporudi nyumbani alimwaga kilichobaki kwenye chupa, akaoga, akalala bila tone.

Siku ya pili alitapika na kutoka jasho kama mgonjwa wa malaria. Siku ya tatu, akiwa kwenye foleni ya bomba la maji, alianguka chali, mwili ukakakamaa, povu likamtoka. Wanawake waliokuwa pale walimfunika kanga, wakampigia simu kaka yake, Salu, anayeishi kijiji cha Migato. Salu alifika na pikipiki saa sita mchana.

"Hii ni mizimu ya upande wa baba," alisema Salu. "Nilishamwambia zamani akatambike. Nampeleka kwa mganga."

Goodness naye alikuwa amepigiwa simu, na kabla ya kupanda gari la kwenda Nkoma alimpigia Harieth. Jibu la Harieth lilikuwa fupi: "Asipelekwe popote ila hospitali. Leo hii." Basi Goodness alipofika, yeye na mjomba wake wakabishana uani mgonjwa akiwa amelala kwenye mkeka, mpaka Nyanjige mwenyewe akafumbua macho na kusema anataka kwenda kwa madaktari.

Wodini alipokelewa na muuguzi wa afya ya akili, Erasmus, mtu mpole mwenye sauti nzito.

"Mama, mwili wako umezoea pombe kila siku kwa miaka," alimwambia. "Ukiinyima ghafla, ndiyo haya. Wengine hufa. Tutakupa vidonge vya kutuliza, tutavipunguza siku hadi siku, na sindano za vitamini."

"Na mizimu?" Salu aliuliza kutoka mlangoni.

"Mizimu siijui, kaka yangu. Kuanguka huku nakujua."

Alilazwa siku sita. Siku ya tano Harieth alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameshapiga simu kwenye nyumba mbili za upataji nafuu, zile ambazo mtu hukaa miezi kadhaa mbali na pombe. Moja inapokea wanaume tu. Ya pili ina wanawake, lakini iko mbali na nafasi hakuna mpaka mwakani.

"Kwa hiyo tunabaki na vya hapa," alisema. "Kliniki kwa Erasmus, siku ileile ya kuripoti kwangu. Na Jumamosi kuna kikundi cha walioacha, kwenye ukumbi wa kanisa. Waislamu nao wanakuja, hakuna mahubiri. Ningependa pia uhame Nkoma kwa muda, ukae kwa Goodness."

"Pamba yangu nani ataivuna?"

"Nakushauri tu, mama. Hakimu hakuamuru uhame."

Akarudi Nkoma. Pombe ilikuwa imetoka mwilini, ila ilimwachia kitu ambacho hakuna aliyemwonya: hakuweza kutulia. Alifagia uwanja, akamaliza, akaufagia tena. Alivuna pamba yake, akaenda kuwavunia majirani bila kuombwa. Akikaa kula, anasimama kabla ya kumaliza. Mchana wa jua kali watu walimwona akitembea barabara ya Lagangabilili, hana kikapu, hana jembe, hajui anakokwenda. Walisema kifungo cha nje kimemchanganya. Wateja wa zamani walipita kumsalimu, na kila aliyepita alinukia kile ambacho Nyanjige alikuwa anakikimbia. Kwenye kikundi cha Jumamosi alikwenda mara moja. Akakaa karibu na mlango, akatoka kabla hakijaisha.

Hata hivyo Jumanne nane alifika kwa Harieth, na mara zote nane alikuwa mkavu, bila tone la pombe.

Mwezi wa tisa Salu alimwoza binti yake. Ng'ombe wa mahari walifika Migato siku ya Jumamosi, na shangazi wa bibi harusi hawezi kukosa. Nyanjige alijipangia kwamba atasalimia, atawaona ng'ombe, ataondoka. Alikaa na akina mama, akasimama, akazunguka zizi, akakaa tena. Mke wa Salu alimletea kikombe cha pombe pamoja na wengine, kwa heshima tu, bila kufikiri. Nyanjige alikishika. Alisema baadaye kwamba kilichomshangaza ni jinsi miguu yake ilivyotulia kabla hata hajanywa.

Alikunywa Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Jumanne, saa ya kuripoti, alikuwa amelala nyumbani kwa Salu, na simu yake iliita mara nne. Jumatano alipopata fahamu vizuri aliona jina la Harieth, akaanza kulia.

"Watakufunga, dada," Salu alimwambia. Naye alikuwa amekunywa siku zote hizo, macho mekundu. "Nenda Malampaka upande treni. Mwanza nani anakujua?"

Alikwenda. Stesheni ya Malampaka aliambiwa treni imechelewa, haijulikani itaingia saa ngapi. Aliweka begi kwenye benchi, akatembea mpaka mwisho wa jukwaa, akarudi. Akatembea tena. Mwanamke mmoja mwenye magunia ya mpunga alimuuliza, "Mayu, unamtafuta nani?" Akasema hamtafuti mtu. Alijaribu kufikiria Mwanza ataamkia wapi, na kila chumba alichokifikiria kilikuwa na chupa. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, akakumbuka kuanguka bombani. Akajiona anaanguka ndani ya behewa, katikati ya watu asiowajua.

Akampigia Harieth.

"Niko Malampaka stesheni. Nimekunywa siku tatu. Nilikuwa natoroka."

Harieth akauliza: "Mara ya mwisho ulikunywa lini?"

"Juzi usiku."

"Mikono?"

"Inatetemeka."

"Basi kwanza hospitali, mambo ya kwangu yatafuata. Mwambie mtu aliye karibu nawe akae nawe mpaka upate gari la kuja huku. Na nisikilize, Mama Goodness. Sitakuficha. Nitaandika kwamba hukuripoti, na kwamba umekunywa. Ni kazi yangu. Nitaandika pia kwamba umepiga simu mwenyewe."

Mwanamke wa mpunga aliacha magunia yake kwa mwenzake, akampeleka mpaka kwenye gari. Jina lake Nyanjige hakuliuliza, na jambo hilo linamsumbua mpaka leo.

Wiki mbili baadaye, akiwa ameshatoka hospitali, alisimama tena mbele ya hakimu. Harieth alisoma taarifa yake yote, mabaya na mazuri, bila kupamba. Hakimu alimuuliza Nyanjige ana la kusema.

"Sijui kutulia, mheshimiwa," alisema. "Pombe ndiyo ilikuwa inanitulizia. Sasa naomba niwekwe mahali ambapo nikishindwa kutulia kuna mtu ananiona."

Hakimu alimpa onyo, na safari hii akaandika kwenye amri yenyewe: ahamie kwa binti yake Bariadi, kliniki kila wiki, kikundi kila Jumamosi, na huduma kwa jamii siku tatu kwa wiki hospitalini Somanda. Kazi ya hospitali ilimfaa kuliko vyote. Alideki wodi, alifua mashuka, alichota maji, na hakuna aliyemwambia akae chini. Erasmus alimwambia kwamba kuhangaika kule kutapungua polepole, pengine mwaka, pengine zaidi, na kwamba hana kidonge cha kuondoa hali hiyo yote. Alishukuru kuambiwa ukweli.

Goodness alihangaika pia. Miezi ya mwanzo alikuwa akisikia mlango anaacha cherehani, anamfuata mama yake mpaka barabarani. Siku moja Nyanjige alimgeukia. "Mwanangu, natembea tu. Ukitaka, twende wote." Wakaenda wote, mpaka mtaa wa Malambo na kurudi, na hawakuzungumza sana.

Uangalizi uliisha mwezi wa tano. Alipewa barua, akaikunja, akamshukuru Harieth, akaendelea na Jumamosi zake. Kwenye kikundi sasa anabaki mpaka mwisho, ingawa husikiliza akiwa amesimama nyuma ya viti.

Salu amekuja Bariadi mara tatu. Mara ya kwanza alisema amekuja kununua dawa ya kupe. Mara ya pili aliuliza, kama anayeuliza habari za mtu mwingine, zile siku za kwanza za kuacha pombe zikoje. Mara ya tatu walitembea pamoja mpaka geti la hospitali. Pale Salu alisimama, akasema amekumbuka ng'ombe mgonjwa, akageuza. Nyanjige hakumshika. Alimwona akivuka barabara, mikono mifukoni, naye akabaki getini akienda huku na huku, kwa sababu Erasmus alikuwa bado ndani na Salu bado angeweza kurudi kabla mlango wa kliniki haujafungwa saa tisa.