Bi Masouda na Sifa za Marehemu Tiara

Jua bado limejificha nyuma ya majabali ya Matrah, na Bi Masouda ameshaanza kuipiga pamba. Fimbo inapanda, fimbo inashuka, na kila ikishuka uani panainuka wingu jeupe lisilo na haraka ya kutua. Linatanda juu ya birika la kahawa, juu ya sahani ya tende za Qurayyat, juu ya nyusi zake mwenyewe. Anayeingia kwa ghafla anaweza kudhani bado yumo usingizini.

"Funga mdomo, utaila," anamwambia mgeni, naye wake ameuziba kwa pindo la kanga. "Kahawa ipo. Pamba si kitafunio."

Bi Masouda ni mshona magodoro. Umri wake, anasema, ni arobaini na kitu, na hicho kitu hakitaji. Alifika Maskati kutoka Unguja mwaka 1964 na mumewe Amur, ambaye siku hizi anapakua mizigo bandarini. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Watu wengi hapa walilalia mikeka, na godoro lilikuwa jambo la harusi.

Mambo yamebadilika tangu mwezi wa saba mwaka huu wa 1970, Sultani mpya aliposhika nchi akafungua milango. Jamaa wa Unguja na Pemba wanashuka kila mara, sanduku moja na watoto watano, na baada ya maji ya kunywa wanachotafuta ni pahala pa kulaza mbavu. Godoro kubwa moja linamwachia Bi Masouda kiasi cha riali moja ya Saidi akishalipia pamba na kitambaa. Si utajiri, na goti lake la kulia limevimba kwa kukaa chini mchana kutwa. Lakini jiko haliishi moto.

Kazi inayokula muda si kushona. Ni kuichambua pamba kwa vidole, fundo kwa fundo, mpaka ilainike. Na hapo ndipo mwanamke huyu alipojaaliwa hila. Wanawake wanaokuja kuagiza magodoro hukaa kidogo wanywe kahawa, kidogo kinakuwa asubuhi nzima, na mikono yao haikai bure. Hawalipwi hata baisa. Wanalipwa kwa ubishi.

"Mtu akinyamaza, vidole hulala," anaeleza kwa sauti ya chini, asisikiwe. "Akibisha, anaichambua pamba kama anamchambua mwenziwe. Bas, mie nikiona kimya, nnatupa neno: hivi, ile timu ya chuo ilikuwa timu kweli?"

Neno hilo moja linatosha mpaka adhuhuri.

Ubishi wenyewe ni wa nage, mchezo wa mpira wa wanawake wa visiwani. Warushaji wawili husimama mmoja huku, mmoja kule, na katikati anakaa mkwepaji. Mpira wa matambara ukimgusa, katoka. Usipomgusa, hesabu inaendelea, na mashabiki wake wanapandwa na wazimu. Mitaa ilikuwa na timu zake, na wasichana wa chuo cha ualimu walikuwa na yao.

Uani hapa kuna kambi mbili. Ya kwanza ni ya Muhsina, mama wa watoto wanne kutoka Wete, ambaye dada yake alisoma chuoni na ambaye mdomo wake haujui kufungwa. Ya pili ni ya Shaikha, bibi harusi wa mwaka huu, aliyelelewa Ng'ambo ya mjini Unguja na mama aliyekuwa shabiki wa timu ya mtaa damu damu. Muhsina anamtukuza Nasriya, mrushaji wa chuo. Shaikha ana wake mmoja tu, mkwepaji aliyeitwa Tiara, kwa jinsi alivyopepea kama tiara ya karatasi mikononi mwa watoto.

Wote wawili hawakuwahi kumwona Tiara. Walisimuliwa. Shabiki hahitaji zaidi ya hapo.

"Mkwepaji ni pambo," Muhsina husema, na kuweka bonge la pamba mbele yake. "Nyumba ni mrushaji. Huyu hapa Nasriya. Nipe huyu, nnakuachia wakwepaji wako wote, na huyo Tiara wako nnakurejeshea awe nyongeza." Tiara anapewa kifundo kisichojaa hata kiganja.

"Nyongeza! Tiara nyongeza? Wee dada Muhsina, umeamka salama?" Shaikha hukinyakua kifundo na kukiongezea pamba mpaka kinazidi bonge la mwenziwe. "Nasriya alikuwa chuoni miaka yote. Chuo kilishinda nini? Kilikuwa kikishinda mpaka siku ya kushinda."

"Walikuwa na mitihani."

"Mitihani kila mwaka, siku ya fainali?"

Kisha Shaikha husimulia alivyosimuliwa. Tiara aliwahi kuruka ukuta wa shule kuufuata mpira. Tiara alikuwa mwembamba, jua likimpiga humwoni kivuli. Na Tiara, maskini, alifariki baharini, safarini kuja huku, akazikwa majini.

"Rehema za Mungu zimshukie," husema Muhsina, maana ubishi ni ubishi na maiti ni maiti. "Lakini lau angekuwa hai, leo angekuwa jimama hapiti mlangoni."

Wakati huo Bi Masouda huinuka taratibu, goti likilia, na kuomba apishwe mlangoni apeleke birika jikoni.

Maana Tiara ni yeye.

Mara ya kwanza aliposikia kwamba amekufa, anasema, alikuwa na shazia mkononi, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. "Wenzangu wakasema inna lillahi, na mie nikasema inna lillahi. Usiku nikamlilia. Wallahi nilimlilia kweli. Kwani uongo? Yule msichana yuko wapi?"

Mbona hakusema? Anacheka, halafu hacheki. Amur ndiye peke yake aliyejua, na jina lile hulitamka ndani, mlango ukishafungwa. Alimposa wiki ileile alipomwona akicheza. Nje ya chumba hicho Tiara alikuwa mwembamba, mwepesi, hazeeki, na kila asubuhi anaongezewa pamba na msichana anayempenda. Bi Masouda alikuwa akikaa kazini kumsikiliza kama watu wanavyosikiliza taarab.

"Nilijiambia, nikisema ni mie, wataacha kumtazama yeye, watatazama hiki kiuno," anasema. "Shaikha je? Yule mtoto hana mama hapa. Kaja na ngano za mama yake tu. Nimvunjie?"

Wiki iliyopita alikuja mteja mpya, mwanamke mrefu mwenye miwani, kuagiza magodoro mawili. Alisimama mlangoni wingu la pamba likitua, akasikia jina lake likitajwa na watu asiowajua. Alikuwa Nasriya mwenyewe. Ameitwa kufundisha katika shule mpya ya wasichana, na hakuwa na habari kwamba ng'ambo hii ya bahari bado anathaminiwa kwa mabonge.

Muhsina alipojua ni nani, alimsogezea bonge la pamba kama anayemrejeshea amana yake.

"Tueleze wewe," akadakia Shaikha. "Tiara na wewe, nani alikuwa na thamani?"

Nasriya hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mshona magodoro, na mshona magodoro alikuwa akiitazama shazia yake. Zamani walikutana uwanjani sikukuu baada ya sikukuu, macho kwa macho, na macho hayanenepi. Nasriya akainama, akaokota bonge lake mwenyewe la pamba, akalikamua mpaka likawa ngumi. Kisha, bila ya salamu, akalirusha.

Bi Masouda alikuwa amekaa chini, mguu mmoja umenyooka, uzi mdomoni. Hakufikiri. Bega lilishuka, kiuno kikapinda, shingo ikafuata, na pamba ikapita pale alipokuwapo ikagonga ukuta. Walioona wanasema haikuwa kama mtu kukwepa. Ilikuwa kama upepo umemhamisha.

"Salama, Tiara?" akauliza Nasriya, na miwani imelowa.

Wawili hao walikumbatiana wakalia bila haya. Muhsina akapiga vigelegele, akatangaza hapo hapo kwamba yeye siku zote alijua mkwepaji ndiye nyumba. Shaikha alisimama. Alimtazama Bi Masouda kuanzia ushungi mpaka goti lililovimba, akatazama mlango, akatoka. Kahawa yake ilibaki kikombeni.

Tangu siku hiyo hakuonekana. Mkeka wake umetandikwa leo kama kila siku, na Bi Masouda kila akishusha fimbo anautupia jicho. Ubishi umepooza. Muhsina amejaribu mara mbili kuiponda timu ya mtaa, hakupata wa kumjibu, akaacha. Pamba imejaa mafundo.

"Ndo nilichokiogopa," anasema Bi Masouda. "Alikuwa na mtu wake mzuri. Nimemuulia."

Kahawa ya pili inapomiminwa, mlango unasukumwa. Shaikha anaingia, macho mekundu, hasalimii mtu ila mwenye nyumba, na anambusu mkono kama inavyompasa. Hakai mkekani. Anachuchumaa mbele ya Bi Masouda, karibu kabisa, kama anayesoma maandishi madogo.

"Bi Masouda, nambie kweli. Uliruka ule ukuta?"

Fimbo inatulia. Pamba inashuka polepole baina yao.

"Sikuruka, mwanangu," anajibu. "Nilipanda nikakwama juu, kanga imenasa. Wakanishusha kwa ngazi. Nani kakwambia niliruka?"

"Mama."

"Mama yako alikuwa upande gani wa ukuta?"

Shaikha anafikiri. "Alisema aliona kanga tu, juu."

"Ya rangi gani?"

"Ya kisutu. Nyekundu na nyeusi."

Bi Masouda anaweka mkono kifuani. "Basi alikuwepo," anasema. "Alikuwepo, mwanangu. Aliniona."

Msichana anaangua kilio, na ndani ya kilio kinaanza kicheko, kwa kuwa amekwisha kuipata picha ya marehemu wake akiteremshwa ukutani kwa ngazi huku timu mbili zikingoja. Anajivuta mpaka mkekani pake. Anaokota fundo la pamba. Si muda anamuuliza Muhsina, bila ya kumtazama, lini chuo kilichukua kikombe, na uani pameshika moto tena.

Ramadhani inabisha hodi. Ikimalizika, siku ya pili ya sikukuu wanawake watakwenda Ruwi, kwenye uwanda wa mchanga ambao wanaume hawatakuwa na kazi nao, na nage itachezwa kwa mara ya kwanza tangu wengi wao waivuke bahari. Nasriya anataka wasichana wa shule yake waje kutazama, kisha Bi Masouda awe akifika shuleni alasiri kuwafunza kukwepa. Shaikha ameomba kuwa wa kwanza. Mpira keshaushona Bi Masouda mwenyewe, ndani pamba, nje kipande cha kitambaa cha godoro chenye mistari.

Naye atasimama katikati, goti na yote. Amur amemsihi achezeshwe kwa huruma, arushiwe polepole. Yeye amemtuma mtu kwa Nasriya na ujumbe mwingine kabisa.

"Nimemwambia arushe kama zamani, na anipige," anasema, akiitunga shazia uzi mpya. "Nataka watu wote waone nimepigwa. Mtoto yule kakaa miaka yote hii na marehemu. Na marehemu, mwanangu, hapigwi mpira."