Tiketi Mbili za Tanga

Juzi asubuhi nilikwenda stesheni ya Moshi kumsindikiza mgeni, nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani.

Kijana mmoja, fundi cherehani, alikuwa amepata kazi katika duka la nguo huko Tanga. Alisindikizwa na mama yake na mkewe, bibi harusi wa mwezi huu huu. Nyumbani walikuwa wamekubaliana mke abaki na mkwewe mpaka mume auzoee mji.

Kijana akainama dirishani kwa karani. "Tanga, tiketi moja."

Mkewe akajipenyeza ubavuni pake. "Mbili."

Karani akainua kichwa. "Moja au mbili?"

Kijana alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, meno yote yakawa nje.

"Mwanangu," mama akamwambia mkwewe, "si ulisema utabaki?"

"Nisamehe, mama. Nilisema kabla sijaliona gari moshi."

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mama akajaribu kununa, akashindwa. Akavua kanga aliyojitanda, akamfunika binti mabegani. "Haya, nenda. Huwezi kuingia mji wa watu na nguo moja."

Wakakimbilia behewani wameshikana mikono. Treni ilipokwisha kuondoka ndipo fundi akakumbuka kuaga. Akachomoza kifua dirishani akipiga kelele, "Kwaheri, mama! Shikamoo!"

"Marahaba!" mama akaitikia, machozi na kicheko pamoja.

Tajiri mwenye duka huko Tanga aliagiza fundi tu. Mimi naona amepelekewa harusi nzima.