Nilivyotoboa Injini ya Madam kwa Taimingi ya Nakuru

Aliyeua injini ya madam ni mimi. Si Mzee Athmani, si petroli ya Saudia, wala si jicho baya kama walivyodai ndugu zake. Ni mimi, kwa mikono hii hii iliyokuwa ikichambua mchele wao. Mkitaka kucheka chekeni, lakini msubiri nimalize.

Nilikuwa kadama, mfanyakazi wa ndani, Riyadh, miaka ile wanawake hawajaruhusiwa kuendesha magari mjini. Madam wangu alikuwa na dawa yake. Alimiliki kigari cha mchangani, mabomba matupu na viti viwili, kimefungwa injini kubwa ya petroli yenye turbo. Baridi ikiingia familia ilihamia jangwani na mahema, na huko hakuna trafiki. Madam anakunja abaya, anavaa buti, anapanda vilima vya mchanga huku bosi, mumewe, ameangalia pembeni.

Mpinzani wake alikuwa dada yake wa Jeddah, naye alikuja na kigari chake. Baridi iliyotangulia dada alifika kileleni, madam akakwama katikati. Basi jina la dada likitajwa mezani, vijiko vilikuwa vinagongwa kwenye sahani.

Sasa, mdomo wangu. Baba yangu alikuwa fundi wa magari Nakuru na nimekua nikimshikia tochi. Siku moja tukikunja sambusa nikamwambia madam hivyo. Laiti angeliacha neno lile lipite! Akaniacha na unga mikononi, akarudi na funguo.

"Wallahi unajua injini? Yalla, njoo usikilize hii. Naiona mvivu."

Nikasikiliza. Kichwa kikavimba pale pale.

Pale jangwani kulikuwa na mitungi miwili ya petroli, aliyoileta Mzee Athmani, dereva wa nyumba, mtu wa Lamu. Kijani ni petroli ya namba tisini na moja, ya jenereta. Nyekundu ni tisini na tano, ya kigari peke yake. Alinieleza taratibu: "Mwanangu, hizi usizichanganye." Nikaitikia. Jenereta ilipozima nikiwa na sufuria ya kabsa, wali wao wa nyama, motoni, mtungi uliokuwa karibu ni mwekundu. Nikaumimina wote. Kwetu unaomba petroli unapewa petroli, mambo ya namba nani ana nafasi nayo?

Asubuhi ya mashindano ya kupanda kilima nikajaza kigari ule wa kijani. Sikumwambia mtu.

Kisha nikainamia injini. Injini ile ilikuwa na distributa ya zamani, ile unayoizungusha kwa mkono kupanga taimingi, yaani cheche iwake mapema au ichelewe. Fundi wao alikuwa ameirudisha nyuma sana, akapaka alama nyeupe ya rangi. Nikacheka kwa dharau. Baba Nakuru kila gari alikuwa anaisogeza mbele kidogo na inapata nguvu. Nikalegeza nati, nikasogeza, nikakaza. Kigari kikanguruma vizuri kweli. Madam akanibusu paji la uso.

Ambacho sikujua ni hiki. Nakuru iko juu, hewa ni nyepesi, moto ndani ya silinda unawaka polepole, ndiyo maana cheche inataka kuwahi. Turbo yenyewe kazi yake ni kushindilia hewa kwa nguvu. Hapo cheche inatakiwa ichelewe, na petroli iwe ile ya tisini na tano, isiyowaka ovyo kabla ya wakati wake. Mimi niliwahisha cheche na kuweka petroli dhaifu, vyote kwa mpigo. Fundi aliyekuja baadaye alinieleza kwa vidole na sanduku la kiberiti, akitikisa kichwa.

Madam na dada yake wakaondoka pamoja. Madam akatangulia! Nikaruka mbele ya mahema kama niliyeshinda mwenyewe. Turbo ilipoanza kupuliza nikasikia kitu, tikitikitiki, kama mtu anatikisa njugu ndani ya sufuria. Nilishawahi kusikia sauti ile Nakuru, na baba akiisikia alikuwa anapiga kelele gari lizimwe. Mimi nikazidi kuruka. Nikajiambia ni mchanga tu.

Kikapiga mlio mmoja mzito, moshi ukafunika kilima. Dada wa Jeddah akapita akipiga honi. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Bosi alinusa mtungi wa kijani ulio mtupu na kumgeukia Mzee Athmani. "Uliambiwa ununue ipi?"

"Nilinunua zote mbili, bosi. Kila moja kwa kazi yake."

"Halas, imetosha. Hakuna likizo mpaka nijue."

Likizo ile haikuwa ya kupumzika. Mzee alikuwa anakwenda Lamu kumwoza binti yake wa kwanza. Tikiti ilikuwa tayari, na sanduku lililojaa vitu alivyonunua soko la Batha kipande kwa kipande lilikuwa limesimama mlangoni mwa chumba chake cha getini kule mjini. Nami nilikuwa nimesimama pale mbele ya bosi na sinia la chai, nimefunga mdomo ule ule uliojisifu jikoni.

Tuliporudi mjini nikampelekea chakula. Nikamkuta amelilaza sanduku, anatoa nguo za harusi na kuzipanga upya kitandani.

"Petroli nilinunua sawa," akasema. "Nashindwa kuelewa, mwanangu. Simu yako inaonyesha picha vizuri? Labda nitamwoza huko huko kwenye simu."

Niliweka sahani chini, nikaenda moja kwa moja kwa madam. Nilisema yote, jenereta, kijani, distributa, njugu. Fundi akaitwa, akaikuta distributa imehama kwenye alama yake nyeupe. Mzee alisafiri. Likizo yangu iliyokuwa inafuata ikaahirishwa mpaka mwaka mwingine, na mwanangu niliyemwacha nyumbani akaanza shule bila mimi. Nililia sana, na nilijua nani wa kulaumiwa.

Madam hakunipigia kelele. "Kigari ni chuma," alisema. "Ulimwacha mzee aungue, hilo ndilo linaloniuma." Kisha akaleta ile pistoni yenye tundu, akaiweka juu ya jiko langu. Ikakaa pale, naipangusa mafuta kila siku.

Mzee Athmani alirudi na halwa na picha za harusi. Nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akanikatia kipande kikubwa, akanipa. "Kula, fundi." Wote walicheka, hata madam. Mimi nikakiweka kipande changu kando ya ile pistoni.

Wewe unayejiandaa kusafiri, ujuzi wa kwenu beba, lakini ukifika uliza kwanza. Ile alama nyeupe mtu hakuipaka kwa urembo. Na ukiharibu, sema siku ile ile, kabla mtu mwingine hajafungua sanduku lake na kuanza kutoa nguo za harusi.